Malka na Mizani: Tafakuri za Mhafidhina wa Garsen

Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliyofundisha fasihi ya Kiswahili, wenzangu idarani walizoea kuniita mhafidhina. Mwanzoni jina hilo lilitokana na mgogoro wa ushairi. Msomaji anafahamu kwamba baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi kutoa Malenga wa Bara mwaka 1976, wahakiki waligawanyika. Kulikuwa na walioshikilia kwamba vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi la Kiswahili, na walioona kwamba uti huo ulikuwa umegeuka pingu. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale wa kwanza, tena bila kuona haya. Baadaye jina likavuka mipaka ya ushairi. Sikupenda maandamano; sikuziamini ahadi za wanasiasa vijana zaidi ya nilivyoziamini za wazee wao; katiba ya mwaka 2010 niliipigia kura ya ndiyo shingo upande; na katika vikao vya idara kila pendekezo la kubadili mtaala lilikutana na swali langu lile lile: cha zamani kimetukosea nini?

Makala haya si utetezi wa uhafidhina, wala si toba ya kuuacha. Mimi ni mhafidhina hadi leo. Ninachotaka kukieleza ni jambo moja tu: kwamba mtu anaweza kujiita mhafidhina umri wake wote asijue hasa anachohifadhi, na kwamba mimi nilikuja kukijua baada ya kushiriki katika kukibomoa, kwa beti nane za shairi ambalo halikuwa na kosa hata moja la vina wala mizani. Kwa kuwa jarida hili ni la uhakiki, msomaji ataniwia radhi nikilihakiki shairi hilo bila ya kulinukuu. Nimeapa kwamba halitachapishwa, na sababu zitaonekana.

Mazoea ya Garsen

Nilistaafu mwaka 2009 nikarudi kwetu, katika shamba la marehemu mamangu kwenye ukingo wa mto Tana, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji wa Garsen. Maisha ya mstaafu ni maisha ya mazoea, nami nilikuwa na yangu. Alfajiri nilikunywa chai nikisikiliza taarifa ya habari redioni. Asubuhi nilikagua migomba na miembe. Jioni nilisahihisha mashairi ambayo vijana wa vijijini waliniletea. Ijumaa nilikwenda mjini.

Garsen si mji wa kupendeza macho. Uko karibu na pale barabara itokayo Malindi kwenda Lamu inapokutana na ile ya Hola na Garissa, na wengi wanaoufahamu wanaufahamu kupitia dirisha la basi. Lakini mtu akiketi katika hoteli ya chai kwa saa mbili atawaona Wapokomo, Waorma, Wardei, Wagiriama na Wabajuni, kila mmoja na jambo lake, na wote wakisemezana kwa Kiswahili. Nakumbuka nikiwa kijana, kabla ya daraja, tulivyovuka kwa kivuko kilichovutwa kwa kamba. Hakuna aliyeulizwa kabila kabla ya kushika kamba. Aliyekuwa na mikono alivuta.

Katika meza hizo za chai ndipo nilipojulikana kwa maoni yangu. Nilipenda kusema kwamba siasa nzuri ni ile isiyosikika, na kwamba serikali ikishindwa kuchimba kisima basi isilete semina. Nilimtaja Edmund Burke, aliyeandika mwaka 1790 kwamba jamii ni ubia baina ya walio hai, waliokufa na wasiozaliwa bado. Wenzangu wa chai walilipenda wazo hilo, maana wazee wetu husema hivyo hivyo bila ya kumsoma Burke. Rafiki yangu mmoja Muorma, ambaye tangu nipate cheti cha ualimu hakuniita kwa jina tena ila Mwalimu, nami nikimwita Mzee kwa kuwa alinizidi miezi michache, aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, katika ubia huo, ng'ombe wamo?" Tulicheka sote. Nilidhani ni mzaha.

Malka

Neno malka ni la Kiorma, nalo lina maana ya mahali ng'ombe wanapofikia maji. Kwetu limekuja kumaanisha pia njia ya kuwapitisha mifugo katikati ya mashamba hadi mtoni. Mpokomo hulima ukingoni, kwa kuwa huko ndiko mto hufurika na kuacha rutuba. Muorma huchunga mbugani, na malisho ya huko yakikauka hana pa kwenda ila mtoni. Kwa hiyo mashamba yamejipanga kama ukuta baina ya mchungaji na maji, na malka ndiyo mlango katika ukuta huo.

Mlango huo haukuwa na hati. Ulikuwa na desturi. Mkulima hakupanda ndani yake. Mchungaji hakumwacha mnyama atoke nje yake. Ng'ombe akila mahindi, wazee wa gasa, baraza la Wapokomo, waliketi na wazee wa matadeda, baraza la Waorma, wakaitazama hasara na kukata fidia. Siwezi kudai kwamba desturi hiyo haikuvunjwa. Ilivunjwa mara nyingi, na fimbo zilitembea. Lakini ilivunjwa kama sheria inavyovunjwa, yaani watu walijua kwamba kuna kitu kimevunjwa. Kando ya shamba la mamangu ilipita malka moja. Katika msimu wa kiangazi mamangu alibadilishana mahindi na maziwa na mama mmoja wa Kiorma, na wanawake hao wawili waliitana dada. Mwana wa mama huyo ndiye yule Mzee wa meza ya chai.

Desturi hiyo haikufa kwa siku moja. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, kubwa kuliko yote likiwa Masinga lililokamilika mwaka 1981, yaliubadilisha mwendo wa mafuriko ambayo kilimo chetu kiliyategemea. Miradi ya umwagiliaji ilichukua sehemu za ukingo na za malisho ya kiangazi. Mwaka 2000 mpango wa kupima ardhi na kutoa hati za umiliki ulizusha hofu kwa wafugaji kwamba njia za maji zingefungwa kwa sheria, na mapigano yaliyofuata, hadi mwaka 2001, yaliua zaidi ya watu 100. Mwaka 2008 ukaja mpango mkubwa wa mashamba ya miwa katika delta, ambao wakulima na wafugaji waliupinga pamoja. Tunaona basi kwamba mara nyingi kilichotugombanisha hakikuwa cha kale. Hata hivyo, kila tulipogombana tulisema kwamba tunagombania cha kale. Mkulima alisema anailinda ardhi ya mababu. Mfugaji alisema anaulinda mto wa mababu. Mimi niliyejigamba kuwa mjuzi wa mambo ya kale sikulibaini hilo.

Hola na profesa wa Kigiriki

Mtu wa Tana anayetafakari juu ya uhafidhina hawezi kupita Hola kimya kimya. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 waliozuiliwa kwa tuhuma za Mau Mau walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni iliyahusisha mauti yao na maji waliyokunywa. Uingereza wakati huo ilitawaliwa na chama cha Conservative, yaani chama cha wahafidhina. Bunge la London lilipoujadili msiba huo mwezi Julai, usiku wa manane, mmoja wa waliosimama kuilaumu serikali kwa ukali zaidi alitoka katika chama hicho hicho. Alikuwa Enoch Powell, mtaalamu wa lugha za kale ambaye alipata kuwa profesa wa Kigiriki huko Sydney akiwa na umri wa miaka 25. Hoja yake, kwa muhtasari, ilikuwa kwamba hakuna aliye na haki ya kuwahesabu waliouawa kuwa watu wa thamani pungufu, na kwamba dola haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha uwajibikaji nyumbani na kingine Afrika.

Hotuba hiyo niliitumia miaka mingi katika somo la balagha. Niliwaambia wanafunzi wangu: tazameni, mwanamapinduzi angeweza kusema haya kwa faida ya mapinduzi yake, huyu ameyasema kwa hasara ya chama chake, kwa sababu anaamini kwamba wajibu ni kitu cha kale ambacho serikali ya leo haina ruhusa ya kukitupa. Huo, niliwaambia, ndio uhafidhina.

Hapo ndipo somo langu lilipokuwa likiishia. Sikuwasomea hotuba yake nyingine, ya tarehe 20 Aprili 1968, aliyoitoa Birmingham. Mwaka huo Uingereza ilikuwa imepitisha sheria iliyowafungia mlango Waasia wengi wa Kenya waliokuwa na pasipoti zake. Powell alisimama kuonya dhidi ya wahamiaji, na ili kuitia uzito hofu yake alikopa kutoka kwa Virgil, mshairi wa Kirumi, taswira ya mto Tiber uliojaa damu. Kesho yake kiongozi wa chama alimwondoa katika safu ya uongozi. Siku chache baadaye makuli wa bandari ya London waliandamana hadi Bungeni kumuunga mkono. Mtu yule yule, elimu ile ile, ufasaha ule ule. Mwaka 1959 aliwatazama watu waliokufa kando ya mto ambao huenda hakuwahi kuuona, akawaona kuwa watu. Mwaka 1968 aliwatazama watu waliohamia mitaa ya miji ya kwao, akaona mafuriko.

Niliiacha hotuba ya pili kwa kisingizio kwamba haikuhusu Tana. Sasa najua kwamba ndiyo iliyonihusu zaidi.

Shairi la beti nane

Mwezi Julai 2012 vijana wa kijiji cha jirani walinijia. Walikuwa na mkutano wa kuzungumzia mashamba, na walitaka shairi la kufungulia. Uchaguzi mkuu wa Machi 2013 ulikuwa unakaribia, wa kwanza chini ya katiba mpya, na kila mtu katika Tana River alikuwa akihesabu: kaunti ingeongozwa na nani, Garsen ingemchagua nani, na nani angekuwa na kura wapi. Kiangazi kilikuwa kikali. Kulikuwa kumetokea ugomvi wa ng'ombe walioingia mashambani na ng'ombe waliokatwa kwa panga. Vijana walikuwa na hasira, nami nilifurahi kwamba wenye hasira walikuja kwa mshairi badala ya kwenda kwingine. Sikujiuliza kama huenda wamekwishafika huko kwingine.

Nilitunga kwa siku mbili. Nilichukua methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ilikuwa rahisi. Yupo mgeni, nilisema, aliyepewa jembe akalikataa. Miaka imepita, siku ya tatu imepita, naye bado anapitisha ng'ombe katika jasho la mwenyeji. Kila ubeti ulifunga kwa kibwagizo kilichomtaka mgeni aujue mpaka wake. Mizani kumi na sita kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho bila ya kulegea. Ni kweli kwamba lilikuwa shairi bora kuliko yote niliyopata kutunga. Hilo linaniuma hadi leo.

Nilimsomea mke wangu baada ya chakula cha usiku. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuwa na subira na wahakiki. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Baba, huyu mgeni ni nani?"

"Ni mgeni wa methali," nilimjibu.

"Methali haina ng'ombe."

Nilimweleza kwamba fasihi husema kwa mafumbo, na kwamba msikilizaji ana uhuru wa kufasiri. Akainuka kuosha vyombo. Asubuhi niliwapa vijana shairi lao, nami nikalighani mwenyewe mkutanoni. Walilidai tena mara mbili. Wiki hiyo nilimsikia mwendesha pikipiki mjini Garsen akikiimba kile kibwagizo huku akisubiri abiria, na nafsi yangu, kwa nini niseme uongo, ilifurahi.

Tarehe 22 Agosti 2012, alfajiri, kijiji cha Riketa kilivamiwa. Waliouawa walizidi 50, wengi wao wanawake na watoto, na nyumba zilichomwa moto. Walikuwa Waorma, na waliowavamia walisemekana kuwa wa upande wetu. Mwezi Septemba yalifuata mauaji ya Chamwanamuma na ya Kilelengwani, ambako hata askari polisi waliuawa. Mwezi Desemba ikawa Kipao. Na hadi Januari 2013 pande zote mbili zilikuwa zikizika. Serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku na kuunda tume ya uchunguzi. Familia zilikimbilia shuleni na makanisani na misikitini. Wenzetu pia walivichoma vijiji vyetu, na nimewazika jamaa. Sisahau hilo, wala simtaki msomaji adhani kwamba upande mmoja tu ndio uliokuwa na panga. Lakini shairi lilikuwa la upande mmoja, nalo ni langu.

Sidai kwamba shairi langu lilimuua mtu. Hayo yangekuwa majivuno ya mshairi. Vijana wale walikuwa na panga kabla ya kuwa na ubeti, na waliowapanga, kama walikuwapo, hawakuhitaji takhmisa. Ninachodai ni kidogo zaidi na kwangu ni kizito zaidi: mtu aliyekuwa na wivu wa ardhi nilimpa neno la heshima la kuufunika. Kabla ya hapo aliweza kuona haya. Baada ya hapo alikuwa na kibwagizo.

Nikilihakiki kama ningehakiki kazi ya mwanafunzi, nasema hivi. Kosa lake limo katika matumizi ya methali, wala si katika umbo. Methali ile haimfukuzi mgeni, inamwingiza. Siku ya tatu mgeni anapewa jembe kwa sababu amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hufanya kazi. Mwenzetu Muorma alikuwa na kazi yake tangu kale, na jembe lake lilikuwa na kwato. Nilimvua utu wa nyumbani kwa kumpima kwa chombo cha kazi yangu. Zaidi ya hayo, nilimwita mgeni mtu ambaye mamake na mamangu waliitana dada. Mhafidhina aliyedai kwamba anailinda jadi alikuwa ameifuta jadi ya nyumba yake mwenyewe, kwa vina.

Hapa hapana budi nirudi kwenye mgogoro wa ushairi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba bahari za jadi ni ulinzi. Kwamba mtu aliyejifunza kuzuia ulimi wake katika mizani kumi na sita atajifunza pia kuzuia hasira yake. Ushahidi wa kinyume ulikuwa mezani pangu siku zote. Abdilatif Abdalla alitumia bahari hizo hizo gerezani, kati ya mwaka 1969 na 1972, kuikosoa dola, na Sauti ya Dhiki ikawa ushairi wa upinzani uliotungwa kwa kanuni kamili. Umbo halikumfanya awe mnyenyekevu, wala halikunifanya mimi niwe mwadilifu. Mizani hupima silabi. Kazi nyingine tulizoipa tuliipa sisi.

Liyongo kisimani

Baada ya vita sikuandika kwa muda wa miaka miwili. Nilisoma. Niliurudia Utenzi wa Fumo Liyongo, kama ulivyohifadhiwa katika hati ya mwaka 1913, ambao niliufundisha kwa namna ile ile miaka yote: shujaa, nguvu zake, werevu wa kutoroka gerezani, usaliti, kifo. Liyongo ni mtu wa huku kwetu. Mapokeo yanalionyesha kaburi lake karibu na Kipini, pale mto unapoingia baharini. Kuna sehemu ambayo niliipita haraka kila mara, nikiihesabu kuwa ni daraja la kufikia usaliti. Ni pale wafugaji wa bara, ambao utenzi unawaita kwa jina ambalo Waorma wa leo hawalipendi, wanapomwona Liyongo, wanavutiwa naye na kutaka mbegu yake katika ukoo wao. Anaozwa mke kwao, na anazaliwa mtoto wa kiume.

Mtoto huyo ndiye baadaye anamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Msomaji mwenye chuki atasema: umeona, damu ya mgeni. Lakini utenzi hausemi hivyo. Aliyemtuma kijana ni mtawala wa Pate, aliyemwahidi cheo na ndoa, naye alikuwa wa nyumbani kabisa. Kijana anatumika na kutupwa. Nilipoisoma habari hiyo baada ya mwaka 2012, niliwafikiria vijana wetu, na waliowaahidi.

Kisha kuna mauti yenyewe. Liyongo akiwa na jeraha anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale katika upinde, na anafia hapo hapo. Watu hawajui kwamba amekufa. Wanamwona ameshika upinde, wanaogopa kuteka maji, na mji unakaa na kiu. Wanafunzi wangu niliwaambia kwamba tukio hili linaonyesha haiba ya shujaa hata katika kifo. Huenda ni kweli. Sasa naona pia jambo jingine: fahari iliyokufa imeketi penye maji, na walio hai hawawezi kupita.

Hitimisho

Mwaka 2014 niliona kwamba malka ya kando ya shamba la mamangu imefungika. Hakuna aliyeifunga kwa makusudi. Ng'ombe hawakuwa wamepita misimu miwili, na mathenge ulikuwa umeijaza. Mti huo wa miiba ulipandwa katika mradi wa Bura miaka ya 1980 ili kutoa kuni na kuzuia ardhi isiliwe na upepo, na tangu hapo umeenea kila palipoachwa wazi. Niliutazama nikifikiri kwamba kwa hesabu ya miaka mti huu ni mgeni kuliko mtu yeyote niliyepata kumtungia shairi.

Niliwalipa vijana wawili wanisaidie kuukata. Mmoja wao alikuwa amehudhuria ule mkutano wa Julai, na alikikumbuka kibwagizo. Alinitajia akidhani ataniridhisha. Nilimwambia kwamba shairi lile lilikuwa na kosa. Akauliza kama ni kosa la vina. Nilimwambia hapana, ni kosa la maana, nikamweleza habari ya jembe kama nilivyoieleza hapa. Hakujibu. Tulikata siku sita, na mathenge ukikatwa huchipua, kwa hiyo kila mwaka tunarudia.

Nilikwenda kwa rafiki yangu. Alikuwa amehamia mbali kidogo na mto. Alinikaribisha kwa chai ya maziwa kama desturi, akaniuliza hali ya nyumbani, ya mashamba, ya mto, nami nikamuuliza ya kwake. Hakunieleza alimpoteza nani, nami sikuthubutu kuuliza. Nilimwambia kwamba nilitunga shairi. Akasema, "Nililisikia, Mwalimu. Lilikuwa zuri." Alilisema hilo bila ya kejeli, na katika maisha yangu ya uhakiki sijapata kusomewa hukumu nzito kama hiyo. Kisha nikamwambia kwamba malka iko wazi. Alinyamaza muda mrefu akasema kwamba yeye ni mzee, magoti yake hayamfikishi tena mtoni.

Mke wangu alifariki mwaka 2019. Katika siku zake za mwisho aliniuliza kama bado mimi ni mhafidhina, na nilimjibu kwamba ndiyo, ila nimepunguza vitu vya kuhifadhi. Alisema afadhali. Nimeyafikiri majibu hayo mara nyingi. Nilipokuwa kazini nilitaka kuhifadhi kila kitu: mtaala, bahari za ushairi, heshima ya wazee, mipaka ya mashamba. Leo nikiulizwa nitasema kwamba cha kwanza kuhifadhiwa ni ile njia ndogo ambayo jirani huipitia kufika kwenye maji, kwa sababu mababu waliiacha wazi walipokuwa na nguvu za kuifunga. Hayo mengine yanaweza kujadiliwa idarani.

Kiangazi kilichofuata ng'ombe walikuja. Rafiki yangu hakuja. Alimtuma mwanawe, kijana mrefu asiyependa maneno. Aliwasimamisha ng'ombe mwanzo wa malka, akaja hadi mlangoni kwangu, akanisalimu kwa "Shikamoo, Mwalimu," na kuomba ruhusa ya kupita. Nilimwambia kwamba hahitaji ruhusa. Akanijibu kwamba babake amemwagiza aombe. Basi nikampa, akapita, na jioni alinipitishia kibuyu cha maziwa. Nami nilimjazia gunia mahindi, nusu yake, kama alivyokuwa akijaza mamangu.